Kuta Zimeondoka, Milango Imebaki: Hotuba kwa Wanaokwenda Kuzuru Magofu ya Uajemi

Hotuba hii ilitolewa mbele ya kikundi cha wasafiri. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika ukumbini.

Assalaam alaikum, na habari za jioni. Wazee wetu mliokaa mbele, mabibi na mabwana, na vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, karibuni nyote.

Ni nani kati yenu ameshafika Kilwa Kisiwani? Inueni mikono. Naam, si haba. Basi mliofika mnaukumbuka ule msikiti mkuu. Kuta zake za matumbawe na chokaa zimesimama, na sehemu ya paa lake imeporomoka. Ndivyo tulivyozoea gofu huku pwani: ukuta unabaki, paa linaondoka.

Sasa igeuzeni picha hiyo. Kule Persepolis, kwenye majumba ya wafalme wa kale wa Uajemi, yaani Iran ya leo, mtakuta mlango umesimama peke yake, wa jiwe, mrefu kuliko mtu, na pembeni yake hakuna ukuta. Mtakuta dirisha limesimama uwanjani halina nyumba. Kuta zimeondoka, milango imebaki. Msafiri asiyejua sababu hufika saa sita mchana, jua la utosi, akapiga picha nguzo 13 zilizosalia, akarudi garini akisema, "Ni nguzo tu." Ametoka mbali, amelipa nauli, na ameondoka bila kuona kitu.

Kwa nini kuta hazipo? Mfalme Darius, ambaye wasomaji wa Biblia ya Kiswahili mnamjua kwa jina la Dario, alianza kujenga pale karibu na mwaka 518 KK, kilomita 60 hivi kutoka Shiraz. Aliinua jukwaa lenye mita za mraba 125,000 hivi chini ya mlima. Juu yake nguzo zilikuwa za jiwe, ngazi za jiwe, fremu za milango na madirisha za jiwe. Lakini kuta zilikuwa za tofali mbichi, udongo uliokaushwa juani, na paa lilikuwa la mbao. Nani hapa hajaona nyumba ya udongo iliyohamwa? Asipokuwepo mtu wa kukandika, paa likaanza kuvuja, misimu michache tu ya mvua ukuta unakuwa kichuguu. Mwaka 330 KK jeshi la Alexander liliteka mahali pale na majumba yakachomwa moto. Mbao za paa ziliungua, mvua ikapata njia, na udongo ukashuka chini ulikotoka.

Shikeni hilo, maana ndilo ufunguo wa safari nzima. Ukifika gofu lolote la Uajemi, usiulize kwanza, "Hiki ni nini?" Uliza, "Hapa pamekosekana nini?"

Na udongo ule ulioporomoka ulifanya jambo ambalo hakuna aliyelikusudia. Ukumbi mkuu wa Darius, unaoitwa Apadana, ulikuwa na nguzo 72 na ngazi mbili zilizochongwa, moja upande wa kaskazini, nyingine mashariki. Ngazi ya kaskazini ilibaki wazi kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Jua liliipiga, mvua iliinyeshea, watu walizibomoa nyuso za sanamu zake. Ile ya mashariki ilifukiwa na udongo wa kuta. Ilipofukuliwa mwaka 1932 na mwanaakiolojia Ernst Herzfeld, nywele za ndevu zilihesabika na vifungo vya viatu vilionekana. Ngazi ni mbili, mchongo ni mmoja. Nendeni mkazitazame zote, ya kaskazini kwanza, ndipo ya mashariki. Msipofanya hivyo mtadhani uzuri wa ile ya pili ni jambo la kawaida.

Ngazi ya mashariki isomwe polepole. Pana misafara 23 ya watu wa himaya nzima wakimletea mfalme zawadi. Kati ya msafara na msafara umechongwa mti wa msonobari kama nukta kati ya sentensi. Kiongozi wa kila msafara ameshikwa mkono na mkaribishaji. Tazameni kofia za wakaribishaji hao: yenye mikunjo ya kusimama ni ya Mwajemi, ya mviringo ni ya Mmedi, mtu wa taifa jirani, nao wanapokezana. Hakuna anayepigwa, hakuna aliyefungwa kamba. Msafara wa mwisho kabisa, kwenye ncha ya kusini ya ngazi hiyo, ni wa watu wa Kushi, kusini mwa Misri. Ni watu watatu wenye nywele za kipilipili. Wamekuja na pembe ya ndovu, na wanaongoza mnyama ambaye wataalamu wengine humwita twiga na wengine okapi. Wageni wengi huwa wameshachoka kabla ya kufika kwao. Ndugu zangu, msiondoke Persepolis hamjawaona Waafrika hawa. Pembe waliyoibeba si pambo la mchongaji: katika maandishi ya Darius aliyoyaacha Susa, ambayo ndiyo Shushani ya kitabu cha Esta, Kushi inatajwa kuwa mojawapo ya nchi zilizotoa pembe za ndovu kwa ajili ya jumba lake.

Utaratibu wa kuzunguka uwe hivi. Fikeni mlango unapofunguliwa asubuhi, au muda wa saa tatu kabla haujafungwa jioni. Chini ya saa tatu haitoshi. Juu ya jukwaa karibu hakuna kivuli. Kila mtu abebe maji yasiyopungua lita 2 na kofia pana. Mtapanda kwa ngazi kuu yenye vidato 111, vifupi mno, kama sentimita 10 kila kimoja. Mtaambiwa vilifanywa hivyo ili farasi wapande. Hayo hayana uthibitisho. Kidato kifupi humwezesha mtu aliyevaa kanzu ndefu kupanda bila kuinama wala kuhema, na wageni wa mfalme walivaa kanzu ndefu. Mkimaliza chini, pandeni kwenye makaburi yaliyochongwa mlimani upande wa mashariki. Jukwaa linatazama magharibi, kwa hiyo jua la jioni huangaza nyuso za makaburi hayo, na kutoka kule juu ndipo ramani ya majumba inapoeleweka. Wengi hupanda huko mwanzoni, jua likiwa kali, na nguvu zinawaishia.

Hapo juu ya ngazi kuu mtapita Lango la Mataifa Yote la Xerxes, ambaye katika Biblia yetu ni Ahasuero. Angalieni mawe ya ndani ya lango, chini ya sanamu za mafahali. Mtaona majina ya wasafiri wa karne zilizopita yamekwanguliwa humo. Moja limeandikwa kwa herufi kubwa: Stanley, New York Herald, 1870. Ndiyo, ni Stanley yuleyule. Kabla mwaka wa 1871 haujaisha alikuwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, amesimama mbele ya Livingstone. Hapo Persepolis alipita kama mgeni, akatoa chuma, akaacha jina lake kwenye jiwe lenye umri wa miaka zaidi ya 2,300. Je, kuna anayemsifu kwa hilo leo? Jiwe likikwanguliwa halioti upya. Na hata kushika tu kwa kiganja kuna madhara. Jasho na mafuta ya mkono huingia katika vitundu vya jiwe la chokaa na kuliacha jeusi, linang'aa kama mpini wa jembe. Mkono mmoja hauonekani, mikono laki moja inaonekana. Na mkiona vishimo vyenye umbo la mkia wa mbayuwayu pale jiwe linapokutana na jiwe, jueni hamjaona uharibifu wa wageni wa leo. Waajemi hawakutumia saruji wala chokaa katika kuunga mawe hayo. Waliyabana kwa vyuma vilivyomiminiwa madini ya risasi, na watu waliohitaji chuma wakaja kuving'oa baadaye.

Moto ule ule wa Alexander uliacha kitu kingine. Katika magofu vilipatikana vibao vidogo vya udongo vyenye maandishi ya Kielamu, lugha ya kale ya kule, maelfu kwa maelfu. Ni stakabadhi. Nani kapewa nafaka kiasi gani, nani kapewa mvinyo, kundi lipi la wajenzi limelipwa fedha. Kina mama waliojifungua walikuwa na posho yao ya ziada, ingawa aliyezaa mvulana alipata mara mbili ya aliyezaa msichana. Vibao vya hazina ya mfalme vilichomwa na moto wenyewe vikawa vigumu kama vigae. Kwa hiyo mtakaposikia kwamba jumba lile lilijengwa na watumwa waliochapwa viboko kama hadithi zinavyopenda kusema, kumbukeni zile stakabadhi.

Nitapita haraka kwenye majirani wa Persepolis, lakini msiwaache. Naqsh-e Rostam, kilomita chache tu kutoka hapo, ina makaburi manne ya wafalme yaliyochongwa juu kwenye jabali. Chini yake, karne nyingi baadaye, Wasasani, ukoo wa wafalme wa Uajemi wa baadaye, walichonga ushindi wa mfalme wao Shapur wa Kwanza aliyemteka Kaisari Valerian wa Roma mwaka 260. Nusu saa ni kidogo, saa nzima inatosha. Pasargadae iko mbali zaidi, kilomita 130 hivi kutoka Shiraz. Hapo ndipo kaburi la Cyrus, Koreshi wa kitabu cha Ezra: kijumba cha jiwe juu ya vidato sita, mita 11 kwenda juu.

Mbona hili halikubomolewa? Hapa pana kisa. Uislamu ulipofika, wenyeji hawakuliita kaburi la mfalme wa kale. Lilijulikana kwa karne nyingi kuwa kaburi la mama yake Nabii Suleimani. Nani angethubutu kumvunjia heshima mama wa Nabii? Ndani yake ikachongwa mihrab. Katika karne ya 13 ukajengwa msikiti kulizunguka kaburi, kwa nguzo zilizotolewa kwenye majumba ya Cyrus mwenyewe. Jina lililokosewa lililinda jiwe lililo sahihi. Kwa hiyo mkisikia mwenyeji anaeleza gofu kwa kisa ambacho si cha historia, msimcheke. Huenda kisa hicho ndicho kilichokuwa mlinzi wake.

Kwa gari la kukodi maeneo haya matatu yanawezekana kwa siku moja. Majira ya baridi anzeni na Pasargadae iliyo mbali, mmalizie Persepolis jioni. Majira ya joto geuzeni, anzeni Persepolis asubuhi. Bei ipatanwe kabla ya kuondoka, pamoja na muda wa dereva kusubiri, na iandikwe kwenye karatasi. Na hapa ndipo wengi wanapoumia: mwenyeji akitaja bei husema kwa toman, wakati noti imeandikwa rial. Toman 1 ni rial 10. Ulizeni kila mara, "Toman au rial?" Dereva akiwaambia mwishoni kwamba hataki malipo, ni adabu ya kwao tu, wanaiita taarof. Shikilieni kulipa, mara mbili, mara tatu, atapokea. Watu wa pwani hamhitaji kufundishwa hilo. Kadi zenu za benki hazitafanya kazi kule kwa sababu ya vikwazo, kwa hiyo fedha taslimu ya safari nzima, pamoja na akiba, iingie nanyi.

Na la usalama nisilimung'unye. Vita vya Juni 2025 vilifunga anga ya Iran na wasafiri wakakwama. Kabla ya kununua tiketi, someni ushauri wa wizara ya mambo ya nje ya nchi iliyotoa pasipoti yenu, na muulize kampuni ya bima kama inalipa huko. Wakisema msiende, basi msiende. Magofu haya yamesubiri sana, yatasubiri tena. Mlio na pasipoti za Ulaya, jueni kwamba aliyeingia Iran tangu Machi 2011 hawezi tena kuingia Marekani kwa ule utaratibu wa kutoomba viza. Kamera ndogo ya kurusha angani iacheni nyumbani kabisa. Kina mama na kina dada, mtandio na nguo ndefu ni sheria, si hiari.

Twende Isfahan. Uwanja wa Naqsh-e Jahan una urefu wa mita 560 na upana wa 160. Shah Abbas aliuanzisha mwisho wa karne ya 16. Simameni katikati mtazame kusini, kwenye msikiti mkuu wa Shah. Mtaona lango limenyooka na uwanja, lakini kuba lililo nyuma yake limekaa upande. Je, fundi alikosea? Sisi huku tumezoea kuswali tukielekea kaskazini. Kutoka Isfahan, Makka iko kusini-magharibi. Uwanja haukupangwa kwa kibla, msikiti hauwezi kuacha kibla. Fundi akaliacha lango lifuate uwanja na kuba lifuate Makka, na kati yake akaweka njia inayokata kona. Ukipita, mwili wako unageuzwa na wewe huna habari.

Msikiti mdogo wa Sheikh Lotfollah, upande wa mashariki, umefanya hivyo kwa ujanja zaidi. Ulikamilika mwaka 1619. Hauna mnara wala ua. Utaingia ujia wenye giza unaopinda, na wageni wenye haraka huupita mbio kwa kuwa hauna cha kupiga picha. Msiupite mbio! Giza lile ndilo linaloandaa macho. Tembeeni taratibu, mboni zipanuke, ndipo mtokee chini ya kuba la rangi ya maziwa na dhahabu. Mkisimama karibu na mlango wa ukumbi mkaangalia juu katikati, mwanga unaoingia huunda umbo la mkia wa tausi. Aliyetoka juani moja kwa moja na simu mkononi haoni ila weusi.

Neno moja kuhusu vigae. Kigae cha kale hukatwa: kila rangi huchomwa peke yake kwa joto linaloifaa, kisha vipande hukatwa kwa nyundo na kuunganishwa kama fumbo. Kazi ya miaka, na rangi yake ni ya kina. Shah Abbas alikuwa na haraka na msikiti wake mkuu, kwa hiyo sehemu kubwa ukafunikwa kwa vigae vya rangi saba, mraba mmoja uliopakwa rangi zote na kuchomwa mara moja. Mtavitambua kwa mistari ya miraba inayokata maua katikati. Linganisheni kuta mbili hizo, na macho yenu yatakuwa ya fundi katika misikiti yote inayofuata. Mimi nasema wazi kwamba kile kilichokatwa kwa mkono kinashinda, na mtu asiye na muda wa vyote akitazame hicho.

Tuje kwenye maji. Wengi wamewaona kwenye picha watu wa Isfahan wamekaa jioni chini ya matao 33 ya daraja la Si-o-se-pol, mto Zayandeh ukipita miguuni. Wanafika, wanakuta mchanga mkavu. Mto ule siku hizi hukaa bila maji sehemu kubwa ya mwaka, na hufunguliwa kwa vipindi kutoka bwawani. Msipange safari kwa ajili ya maji yake. Lakini ukavu nao una la kuonyesha: nendeni daraja la Khaju, muone chini yake mifereji ambamo milango ya maji ilifungwa ili mto ujae juu kama ziwa. Daraja lilikuwa bwawa, bwawa likawa baraza. Mto ukiwa umejaa hamtauona ufundi huo.

Na Yazd, mji wa jangwani, maji hayaonekani kabisa, na mji wote umejengwa kwa ajili yake. Huchimbwa kisima mama penye maji, chini ya milima, kisha handaki lenye mteremko mdogo sana hadi mjini, kwa makumi ya kilomita. Mteremko ukizidi, maji hula udongo na handaki huporomoka. Ukipungua, maji hutuama na kuacha matope. Hiyo ndiyo qanat, na haina pampu wala mota. Yale matundu yenye vichuguu mtakayoyaona kwa mstari kutoka dirishani mwa basi ni visima vya kupitishia hewa na udongo. Usikaribie ukingo wake, hauna ukuta. Mjini, minara ya upepo hushusha hewa juu ya birika la maji yaliyopoa. Mrefu kuliko yote, wa bustani ya Dowlatabad, una mita 33. Ingieni saa nane mchana, msimame chini yake. Kuta za Yazd bado hukandikwa kwa udongo na makapi ya ngano, na hizo ndizo kuta mlizozikosa Persepolis, zingali hai kwa sababu kuna watu.

Mliosoma madrasa mna faida kubwa. Herufi za Kiajemi ni zilezile, zimeongezwa nne: pe, che, zhe na gaf. Tarakimu pia ni zenu, ila 4, 5 na 6 zimeandikwa kwa umbo jingine. Jifunzeni hizo tatu kabla ya safari, maana bei na nambari za mabasi zimeandikwa hivyo. Na masikio yenu yatashtuka: bandari, nahodha, bustani, rangi, dirisha, yote yatawaita barabarani.

Namaliza na mahali ambapo wageni wachache huenda. Tunaambiwa na historia za kale za Kilwa kwamba mababu walitoka Shiraz. Shiraz iko bara, juu milimani, haina bahari. Meli zilitoka wapi? Bandari kuu ya upande ule ilikuwa Siraf, kwenye ufuo wa Ghuba, mpaka tetemeko la mwaka 977 hivi lilipouangusha mji. Vyungu vya kutoka Ghuba vimechimbuliwa katika miji yetu ya kale, na mchongo wa Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, kwenye mihrab ya Kizimkazi, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, umeshafananishwa na michongo ya Siraf. Leo pale Siraf pana misingi ya msikiti wa Ijumaa karibu na maji, sehemu ya mji imeliwa na bahari, na mlimani yamechongwa makaburi mengi kwenye jiwe. Hakuna maduka ya ukumbusho. Bebeni maji na viatu vya kupandia mawe.

Kiangazi pale hapakaliki kwa joto na unyevu. Nendeni kati ya Novemba na Machi. Ni miezi ileile inayovuma kaskazi, upepo uliozileta meli zile huku kwetu.

Asanteni sana. Sasa maswali, na tuanze na kule nyuma.